Mwaka Taa Ziliporuka Ngokolo

Salome alizikwa Kahama siku ya Jumatano, mvua ikiwa imekatika kwa muda mfupi tu, kana kwamba imetupisha. Baada ya mazishi tuliketi kwenye mikeka katika chumba cha akina mama, na binti yake mkubwa akaniuliza mbele ya watu mimi na marehemu tulijuana wapi. Nilimjibu kwamba tulifanya kazi pamoja Shinyanga tulipokuwa wasichana, kazi ya kuhesabu watu walioumia. Mama mmoja akauliza kama ni walioumia vitani. Nikasema hapana, walioumia majumbani. Chai ikaletwa, mazungumzo yakahamia kwenye bei ya mpunga, nami nikashukuru. Lakini tangu siku ile mwaka ule haujaniachia. Salome peke yake ndiye aliyekuwa na haki ya kuniambia ninyamaze au niseme, na sasa hayupo, kwa hiyo nitausimulia jinsi ulivyokuwa.

Nilikuwa na umri wa miaka kumi na tisa. Habari za kwetu Ushirombo naziacha. Itoshe kusema nilifika Shinyanga na cheti cha kidato cha nne na sanduku la bati, nikapata kazi ambayo sikuwahi kusikia kwamba ipo. Tabibu mmoja wa mjini, Bwana Rwiza, mtu mrefu wa Bukoba aliyezungumza polepole kama anayepima dawa, alitaka wasichana wawili wenye mwandiko mzuri wapite nyumba kwa nyumba na kuuliza nani ameumia tangu mavuno yaliyopita. Alituambia kuwa hospitali huwaona wale tu wenye baiskeli au wenye mtu wa kuwabeba. Yeye alitaka wale waliobaki nyumbani na majani ya dawa kwenye kidonda. Tulipewa karatasi zenye maswali: jina, umri, ameumia nini, wapi, saa ngapi, alikuwa akifanya nini. Mwenzangu katika kazi hiyo alikuwa Salome. Yeye alikuwa mwenyeji wa Ngokolo, alinizidi miaka minne, na alikuwa na tabia ya kucheka kwa pua bila kufungua mdomo. Tulianza na mtaa wake.

Siku za mwanzo nilijifunza kwamba mji mzima una makovu, ila mtu hayaoni mpaka aulize. Yule fundi baiskeli unayempita kila siku hana kidole cha kati, kilibaki kwenye jineri, ile mashine ya kuchambulia pamba. Mama anayeuza nyanya alivunjika bega kwa kuanguka kutoka juu ya mkokoteni wa ng'ombe. Wengine walikuwa wamejikata kwa shoka, wengine wameteleza kisimani, na mzee mmoja alikuwa ameumwa na punda wake mwenyewe na hakutaka liandikwe. Bwana Rwiza alikuwa ametundika ukutani ofisini ramani ya mitaa aliyoichora kwa mkono, na kila jioni tuliweka nukta: ya bluu kwa aliyeanguka au kukatwa, nyekundu kwa aliyeungua. Alituambia tusidhani majeraha huja kama mvua ya mawe, popote tu. Alisema majeraha yana tabia, tena yana njia zake kama ng'ombe wanaokwenda kunywa maji. Nilicheka kidogo aliposema hivyo. Salome hakucheka.

Nilipanga chumba kwa Mama Kulwa, mjane aliyeshona nguo za watoto kwenye kibaraza chake. Chumba changu kilikuwa na dirisha dogo lililotazama ukuta wa jirani, kiasi kwamba mchana mwanga uliingia umeshachoka. Tulikula pamoja mapema jioni, kabla giza halijashika, ugali wa mtama na nsansa, yaani majani ya kunde yaliyokaushwa, wakati mwingine na karanga zilizotwangwa. Siku ambazo unga haukupatikana tulikula michembe, vile viazi vitamu vya kukausha, vimechemshwa mpaka vikarudia utamu wake. Ilikuwa miaka ya uhaba. Sabuni, chumvi, sukari na mafuta ya taa vilipatikana kwa kuambiwa sikioni, na aliyeambiwa hakumwambia mwingine. Mama Kulwa alikuwa na koroboi moja, na niliona kwamba kabla ya kuiwasha alimfukuza kila mtu chumbani, akafunga kijiti cha kibiriti kwenye ncha ya bua la mtama kwa uzi, akakikwaruza kwa kunyoosha mkono, uso ameugeuzia ukutani. Nilidhani ni tabia yake tu.

Katika wiki ya tatu tuliingia sehemu ya Ngokolo iliyo nyuma ya kisima, na hapo ndipo majibu yalipoanza kufanana. Nyumba ya kwanza alikuwapo mwanamke mwenye kidevu kilichovutwa na kovu jipya, la waridi. Nilimuuliza aliungua vipi. Akasema taa iliruka. Nikamuuliza ilianguka mezani? Akasema haikuanguka, iliruka. Akaongeza, akinitazama kama anayesikiliza kitu nyuma yangu, kwamba kabla ya kuruka ilivuta pumzi. Niliandika "taa ya mafuta" nikaendelea. Nyumba ya pili, kijana aliyeungua mikono yote miwili akasema maneno yale yale: ilivuta pumzi, halafu ikaruka. Nyumba ya nne vilevile. Watu hawa hawakuwa ndugu, na wengine hawakuwa hata wakisalimiana. Katika ua mmoja tulikuta koroboi imefungwa kwa kamba kwenye mti wa mwarobaini, jua la saa sita likiwaka, mbali na nyumba, kama mbuzi aliyekosa. Mwenye ua alituomba tusiisogelee. Katika ua mwingine mtoto mdogo alikuwa ameketi akiitazama taa iliyofunikwa kwa chungu, na mama yake akasema ndiyo kazi aliyompa, kuangalia chungu kisisogee. Mchana huo wote sikusikia mtu akicheka mtaani, wala redio. Niliona milango imefungwa nusu na macho nyuma yake, na nilipomwambia Salome kwamba nimechoka, akasema hapana, umeogopa, na mimi pia.

Katikati ya nyumba zile palikuwa na nyumba moja ya udongo iliyoezekwa kwa mabati ya zamani, ya Bibi Nyamizi. Alikuwa mwanamke mzee anayeishi peke yake, mume alishafariki na binti yake ameolewa na mwanamume anayefanya kazi huko machimboni upande wa Geita. Macho yake yalikuwa mekundu. Leo nikiandika sentensi hiyo najua kwamba ni moshi wa kupikia kuni miaka hamsini, na kwamba robo ya bibi zetu Usukumani wana macho kama hayo. Lakini wakati ule, katika mkoa ule, macho mekundu ya mwanamke mzee yalikuwa maneno mazito, dalili ya uchawi. Jirani yake alitushauri tupite tu. Nilisimama mbele ya mlango wake uliokuwa wazi. Nilimwona ndani, ameketi kwenye kigoda, ananitazama bila kusema, mkono mmoja ameuficha ndani ya kanga. Ningeweza kumwamkia. Badala yake nilifungua karatasi juu ya ubao wangu, nikaandika neno moja, "hayupo," tukaondoka. Salome aliona nilichoandika.

Tulipomaliza mtaa ule, ramani ilitisha. Nukta nyekundu zilikuwa zimesongamana nyuma ya kisima tu, zikaizunguka nyumba moja isiyo na nukta, kama watu waliozunguka moto. Bwana Rwiza aliitazama muda mrefu, akaenda Mwanza kwa shughuli za kikazi, akatuagiza tusizungumze na mtu habari za ramani mpaka atakaporudi. Jioni ile nilikula na Mama Kulwa. Alikuwa amepata samaki wa Mwanza wakavu, na chakula kizuri hulegeza ulimi. Aliniuliza kazi inaendaje. Nilimwambia habari za taa, naye akaniambia kumbe na yeye ana jamaa aliyeungua vivyo hivyo, ndiyo maana hutumia bua. Nikajiona mtu mwenye siri kubwa. Nikachovya kidole kwenye mchuzi nikamchorea juu ya sinia: hapa kisima, hapa nyumba hii, hapa ile, na hapa katikati pametulia, hapana kitu. Hakuuliza ni nyumba ya nani. Aliitazama michoro ile mpaka ikakauka, kisha akafuta sinia kwa kiganja na kusema tule kabla samaki hawajapoa.

Baada ya siku mbili nilisikia wanawake wawili kisimani wakisema kwamba hata serikali imeshamwona, imechora kwa wino mwekundu. Waliponiona walijitwika ndoo wakaondoka. Siku ya tatu vijana wa mtaa walikutana uwanjani mchana. Sikwenda, lakini kutoka chumbani mwangu nilisikia sauti zao kupitia lile dirisha, si za kelele, ni sauti za watu wanaokubaliana, na hilo ndilo lililonitia baridi. Kila aliyeungua, walisema, alikuwa ameingia nyumbani kwa yule bibi siku chache kabla. Hilo lilikuwa kweli. Kila mtu alijua kwamba ni kweli kwa upande wake, na kila mmoja alikuwa amelificha, na sasa lilipotoka kwa wote kwa pamoja likawa kama ushahidi ulioshuka kutoka mbinguni.

Walikwenda kesho yake saa nne asubuhi. Walikuta mlango umeegeshwa na mwenye nyumba hayupo, ila koroboi yake ilikuwa juu ya kigoda, inawaka, jua likiwa limejaa nyumba nzima. Vijana waliokuwa mbele walirudi nyuma. Nilisimuliwa baadaye kwamba hakuna aliyethubutu kuizima. Waliezua mabati kwa nje, wakabomoa kuta kwa kuzisukuma kwa magogo, na udongo ulipoiangukia ile taa wote walikimbia na kulala kifudifudi. Nilipita pale alasiri. Palikuwa na kichuguu cha udongo na moshi mwembamba unaotoka mahali pamoja.

Bibi Nyamizi alikuwa hai kwa sababu ya Salome. Alipoona wale vijana wanakutana, alisubiri watawanyike, akaenda kwa bibi alfajiri iliyofuata, akamfunika kanga ya pili, akamshika mkono kama mtu anayempeleka mama yake kliniki, na kumpandisha basi la Kahama, ili kutoka huko afike kwa ndugu zake Kharumwa. Watu wawili waliwaona stendi, na kufikia mchana jina la Salome lilikuwa midomoni mwa wote.

Bwana Rwiza aliporudi alituita. Hakupandisha sauti. Alisema ramani imetoka ofisini na kwenda mtaani, na kwamba karatasi haina miguu. Akauliza nani kati yetu aliyesema. Salome akasema, "Ni mimi, Bwana." Alimtazama usoni alipokuwa akisema. Bwana Rwiza akamwambia akabidhi ubao na karatasi zake. Nilitazama sakafu. Ilikuwa ya saruji, imepasuka kutoka mlangoni hadi kwenye mguu wa meza, na mpasuko ule naukumbuka kuliko uso wa mtu yeyote wa mwaka ule.

Salome alipokwishatoka, Bwana Rwiza alisimama tena mbele ya ramani. Akaniuliza watu wanasemaje. Nikamwambia wanasema wote walioungua walikuwa wameingia kwa yule bibi, na kwamba alikuwa anaroga.

"Sijauliza alifanya nini," akasema. "Nauliza, walifuata nini kwake?"

Nilikuwa nimeuliza kila nyumba jina, umri, saa na mahali, na sikuwa nimeuliza hilo, kwa kuwa halikuwamo kwenye karatasi. Tulirudi pamoja mtaani, mimi na yeye. Mwanzoni hakuna aliyejibu. Hatimaye yule mwanamke mwenye kovu la kidevu aliingia ndani akarudi na chupa iliyozibwa kwa gunzi, akaiweka chini mbali na sisi. Alikuwa amefuata mafuta ya taa. Wote walifuata mafuta ya taa. Mkwe wa Bibi Nyamizi alikuwa amemletea pipa kwa lori kutoka machimboni, na yeye alikuwa akiwapimia majirani kwa kopo na faneli, kimyakimya, kama vitu vyote vilivyouzwa wakati ule. Hakuna aliyetaka kutaja mahali alipopata, maana angetaja, kesho asingepata. Bwana Rwiza alimimina kidogo juu ya mchanga nyuma ya ofisi, akatupa kijiti chenye moto. Mafuta ya taa hasa yangechelewa kushika. Haya yalisubiri kidogo, yakatoa sauti, hewa ikavutwa kutoka miguuni mwetu kuelekea kwenye mchanga, kisha moto ukasimama kimo cha mtu. Niliisikia ile pumzi kwa masikio yangu. Alisema ni petroli. Pipa lilikuwa la pampu za kuvutia maji mashimoni, na aliyelijaza au hakulisafisha au alichanganya makusudi. Alisema hayo kwa utulivu, lakini aliirudisha ile chupa chini kwa mikono miwili.

Alipita nyumba kwa nyumba akiwaambia watu wamwage. Walimwaga. Taa hazikuruka tena. Hata hivyo hakuna aliyekwenda kuisimamisha ile nyumba, na sikumsikia hata mmoja akisema walikosea. Walisema wamepona. Niliwasikia wengine wakisema kwamba taa zimetulia kwa sababu mwenyewe ameondoka, na ukitazama siku zilivyofuatana hukuweza kuwashinda kwa hoja, maana yote mawili yalitokea wiki moja. Mpaka leo nikisikia mtu anasema hesabu haidanganyi, huwa nanyamaza. Nukta zetu hazikudanganya. Ziliionyesha nyumba yenyewe hasa. Ni sisi tuliokuwa hatujamuuliza mwenye nyumba.

Salome alikaa miezi miwili bila kuonekana kwangu. Halafu Jumamosi moja alisimama kwenye kibaraza cha Mama Kulwa na kapu la chumvi na kanga mbili, akasema nivae viatu, tunakwenda Kharumwa. Tulipanda basi hadi Kahama na kutoka hapo lori la pamba, tumeketi juu ya marobota, vumbi likitufanya wote wawili wazee. Njiani nilimwambia. Nilimwambia habari za samaki, mchuzi na sinia. Alisema anajua, Mama Kulwa hakuwahi kutunza siri tangu azaliwe. Nikamuuliza kwa nini basi alijitaja yeye. Akasema walishamwona stendi na bibi, mtaani hapapitiki tena kwake, na kazi ikipoteza mmoja inatosha, wawili wa nini. Akacheka kwa pua. Kisha akageuka na kusema kwamba kwa Bwana Rwiza yamekwisha, lakini kwa bibi nitajisemea mwenyewe.

Tulifika jua linapoelekea kuzama. Bibi Nyamizi alikuwa amepewa kijumba pembeni mwa boma la mdogo wake, chumba kimoja chenye sakafu ya udongo iliyopakwa samadi na kukauka vizuri. Nilipiga goti. "Shikamoo, Bibi." Aliitikia marahaba, akatukaribisha, akatuwekea michembe kwenye ungo. Alipoinama kanga ikateleza, nikauona ule mkono aliokuwa ameuficha siku ile. Ulikuwa umeungua kutoka kiganjani hadi kwenye kiwiko, umepona kwa mikunjo kama ngozi ya mwanambuzi iliyokauka vibaya. Aliona ninautazama. Alisema yeye ndiye wa kwanza, siku ile ile pipa lilipofika, akidhani ni uzee umemtetemesha mkono. Kwa hiyo aliendelea kuwapimia wenzake. Na asubuhi ile Salome alipomjia, aliiacha taa ikiwaka kwa sababu aliogopa kuinama na kuipuliza.

Nikasema, "Bibi, mimi ndiye niliyesema habari za ramani. Si Salome. Na siku ile nilikuona, nikaandika hayupo."

Salome alikuwa akitazama nje. Bibi Nyamizi alitafuna kipande chake mpaka kikaisha, maana meno yalikuwa machache. Nilisikia ng'ombe wakirudi na mtu akiwaita kwa Kisukuma. Chumba kilikuwa kinaingia giza kutoka pembeni, na sikuweza tena kuona macho yake, nilihisi tu kwamba yananitazama. Kisha aliinuka kwa kushika ukuta, akatoa koroboi kutoka kwenye kishubaka, akaiweka sakafuni mbele ya magoti yangu, na kibiriti juu ya paja langu.

Nilidhani atatoka nje, au atasogea mlangoni kama Mama Kulwa alivyokuwa akifanya. Alikuja upande wangu. Akaketi chini, karibu kabisa, bega lake likigusa langu, na ule mkono wenye kovu akauweka wazi mbele ya taa.

"Haya, mjukuu wangu," akasema. "Washa."

Kijiti cha kwanza kilivunjika. Cha pili nilikipeleka kwenye utambi, na sote wawili tukaacha kupumua.